Mchota Mazuku

Mlangoni mwa chama chetu, Birere,
kuna ubao wa bei ulioandikwa kwa chokaa:
kusema na moto, dola hamsini, nusu mbele;
kutuliza ziwa, kwa mapatano;
kuinua jiwe, kwa urefu wa ukuta.
Chini kabisa, pale mvua inaporukia na kufuta,
upepo mbaya: kikombe cha maharage.
Huyo ni mimi.

Saa kumi za alfajiri, majogoo bado hawajaamua,
nateremka Mugunga na kikapu cha matete.
Kisiwe kimefumwa na mtu mwenye hasira,
ndivyo alivyonifundisha marehemu Kyakimwa,
na sikuwahi kumuuliza kwa nini.
Mazuku yamelala. Hayana harufu, hayana rangi,
yanapenda mashimo, yanapenda mikeka,
yanapenda mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
Natanguliza njiti ya kibiriti:
ikizimika magotini, yako magotini;
ikizimika kiunoni, nabana pumzi, nainama,
nachota kama mtu anayezoa unga
sakafuni mwa jirani asiyejua.
Hayataki nguvu. Yanataka uyaite kwa jina la udogoni,
na jina hilo siliandiki hapa.
Kisha napanda nayo mpaka kwenye mawe meusi,
namwaga, upepo mzuri unayagawanya.
Kikapu cha hewa ni kizito.
Yaulizeni mabega yangu.

Usiku ule mlima ulipopasuka ubavu
mji mzima ulimtazama Hangi, msema-moto,
koti lake jekundu, viatu vyake vya ngozi ya nyati.
Alisimama katikati ya barabara, lava ikija polepole
kama mdai anayeujua mlango wako.
Wakaongea. Lugha hiyo siijui;
nilisikia tu mlio wa sukari ikiungua.
Lava ikapinda kushoto,
ikaacha soko, ikaacha kanisa, ikaacha msikiti,
ikaingia avenyu moja, ikala nyumba tisa.
Ya saba ilikuwa yake.
Watu walizihesabu zile nane, wakamtukana.

Sasa anasukuma chukudu la makala,
yeye, aliyekuwa akiwasha taa za mtaa kwa kukohoa.
Tukikutana anauliza:
«Huko kwenu upepo, kumetokea nini?»
Nasema, «Hakuna.»
Anasema, «Hongera,»
na ndiye peke yake katika mji huu
anayelitamka neno hilo bila kucheka.

Maana kazi yetu, wasikilizeni wanaoinunua!
Nabintu wa Kituku halali kwake wiki nzima,
yumo mtumbwini, sikio juu ya maji,
anahesabu mapovu ya ziwa, anayarudisha moja moja chini,
na asubuhi wauza sambaza wanamwambia
ondoa mtumbwi wako, unatuzibia njia.
Mimi mama mmoja alinisimamisha, mikono kiunoni:
«Umeondoa nini? Nionyeshe.»
Nikafungua kikapu.
Akaona kikapu.

Nilikasirika siku tatu. Sikushuka.
Siku ya nne nilikuta mbuzi wawili na mbwa,
wamelala vizuri mno.
Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma:
hata kosa langu halikuonekana kuwa langu.
Nikakaa juu ya jiwe, nikafuma kikapu kipya
mpaka vidole viliposahau.

Leo kumekucha kwa baridi.
Nyumba ile ya mbao, bondeni, ya yule mama,
njiti yangu ilizimika usawa wa kitanda.
Nilichota mara kumi na moja.
Halafu nikasimama nje, nyuma ya mgomba, nikihema,
nikamsikia mtoto akiamka,
akilia kwamba uji hauna sukari,
kwamba jana pia haukuwa na sukari,
kwamba nyumba hii ni mbaya, kwamba anahamia kwa nyanya.
Nilimsikiliza mpaka mwisho.
Alikuwa na sauti kubwa, mtoto yule, na pumzi ndefu.

Kisha nikabisha hodi,
nikadai maharage yangu.